Mashine Iliyoambiwa Simama

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mkurugenzi amerudi kutoka semina ya Nairobi na televisheni. Si ya kutazama mpira — ni ya kutundikwa mapokezi! Anataka kila anayeingia Syindu Systems aone majaribio yetu yakipita, hapo kwa hapo, kijani tupu. Nikamuuliza ni nani hasa anayeingia. Tuko Machakos, juu ya duka la agrovet. Wanaopanda ngazi zetu ni watu waliopotea wakitafuta dawa ya kupe.

"Mbinya," akaniambia, "kampuni kubwa huanza kwa kuonekana kubwa."

Haya. Imetundikwa. Imeinama upande mmoja. Ann wa mapokezi anasema ukilaza shingo kidogo huoni shida.

Nilimwahidi mama nitamweleza kazi yangu kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, na kila mara nashindwa. Nijaribu hapa kwanza. Jeff, mwenzangu ofisini, ametengeneza debugger — programu ya kuchungulia programu nyingine ikiwa kazini, ili fundi aone inakosea wapi. Unaweka kituo kwenye mstari unaoushuku (Jeff anasema breakpoint, mimi nasema kituo). Programu ikifika pale inasimama tuli, kama mtu aliyeona nyoka. Unaikagua vile unataka, kisha unairuhusu iende. Mimi nimeandika majaribio yanayojiendesha: Jeff akigusa kitu chochote, majaribio yanaweka vituo, yanaendesha programu, yanaangalia. Imesimama — kijani. Haikusimama — nyekundu. Hakuna siasa hapo.

Nilidhani hakuna siasa.

Jumanne, 4 Februari 2025

Nyekundu! Moja tu, katikati ya televisheni, kama doa la beetroot kwenye shati la ibada.

Nimeikimbiza asubuhi yote. Ni kituo kilichowekwa ndani ya mzunguko, pale programu inaporudia kitu kile kile tena na tena. Raundi ya kwanza inasimama vizuri. Raundi ya pili inapita kama haikuona mtu. Nikaita Jeff. Akatazama, akajikuna shingo. Kumbe ni hivi: debugger ikisimamisha programu, inabidi iondoe kizuizi cha kituo kwa muda ili programu ipite, halafu ikirudishe haraka kabla haijazunguka. Wiki iliyopita Jeff aliifanya iwe na kasi zaidi. Sasa inaondoa kizuizi na kusahau kukirudisha.

"Rudisha ile ya zamani," nikamwambia.

"Ile ya zamani ni slow. Na bango limeshachapishwa."

Bango lipi? Akanionyesha picha kwenye simu. KASI MARADUFU. Na uso wa Mkurugenzi, mkubwa kuliko maneno.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Mkutano wa dharura. Nilifikiri ni wa kurekebisha kosa. La! Ajenda: ile nyekundu itoke vipi kwenye televisheni kabla ya wateja wa Matuu kupita kesho. Ni wale wa kiwanda kipya cha maembe. Mashine yao ya kupasua maembe na kutoa kokwa inaendeshwa na programu, na fundi wao anatumia debugger yetu kuiweka sawa. Ufunguzi ni Ijumaa ijayo, na Mkurugenzi amealikwa kuhutubia.

Mkurugenzi alifungua kwa sala, halafu akauliza swali ambalo sitalisahau: "Kwanza tukubaliane. Kusimama ni nini?"

Nikasema kusimama ni kusimama.

"Hapana, hapana. Usiwe mkali. Raundi ya kwanza ilisimama?"

"Ilisimama."

"Basi inajua kusimama. Ile ya pili haikutaka tu."

Jeff alitazama meza. Ann, aliyeletwa kuandika minitsi, aliuliza kama aandike "haikutaka" au "ilikataa". Wakajadiliana kuhusu hilo! Mkurugenzi akapendekeza tuache rangi nyekundu kabisa kwa sababu inawatisha watu, tuweke ya machungwa. Baadaye akafikiria tena: machungwa ni karibu sana na nyekundu. Bluu je? Bluu imetulia. Bluu imepita.

Nilipotoka Ann akaninong'oneza, "Dada, mimi sielewi hizi vitu, lakini hiyo mkutano ilikuwa ya uongo, sindio?"

Ndiyo.

Ijumaa, 7 Februari 2025

Bluu haikudumu. Mteja wa Matuu aliuliza ile bluu ni nini, Mkurugenzi akasema ni "kijani inayokomaa". Mteja akacheka, akidhani ni mzaha. Walipoondoka, Jeff aliagizwa "alitulize" jaribio. Akalifungua, akaongeza sentensi moja. Nimeisoma mara nyingi nikitumaini sijaelewa. Kwa lugha ya watu inasema: ikisimama, sawa, isiposimama, sawa pia.

Televisheni yote kijani. Mkurugenzi amenunulia ofisi soda na mandazi. Nilikunywa. Nilikuwa na kiu.

Jumapili, 9 Februari 2025

Nyumbani Kangundo. Ibada ndefu, jua kali. Mama alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Hata sijafika nusu ya sahani, Kiema akaingia — mtoto wa shangazi yangu, ndiye yule fundi wa kiwanda cha Matuu. Hakai mbali, na pua yake inajua jikoni kwa mama kukoje.

Nikajaribu kumweleza mama kazi yangu, na Kiema akanisaidia. "Mama, ni kama kumwambia ng'ombe ungama, simama, naye anasimama mpaka umwambie twende."

"Na asiposimama?" mama akauliza.

"Ya kina Mbinya inasimama. Asilimia mia. Iko kwa karatasi mliyotutumia."

Nikauliza anaitumia vipi kule. Akanieleza akitafuna, bila haraka. Embe likikwama chini ya kisu, anataka kujua programu ilikuwa inafikiria nini wakati ule. Akizima umeme, programu inasahau kila kitu na hajui kosa liko wapi. Kwa hivyo anaweka kituo kabla tu ya kisu kushuka. Programu inasimama. Anaisoma. Halafu — hapo akainua mkono wake wa kulia, na kijiko — anaingiza mkono, anatoa lile embe, anaendelea.

"Unaingiza mkono chini ya kisu," nikasema.

"Si imesimama?"

"Mara ngapi?"

"Bado niko kwa kuunganisha nyaya. Kuanzia Jumatano ndio nitaingia kazi yenyewe."

Nikasukuma sahani kando. Nikamwambia asiingize mkono. Kabisa. Nikamweleza ile raundi ya pili. Alinitazama kama mtu anayetaniwa, halafu kama mtu asiyetaniwa.

"Lakini Mbinya, karatasi yenu imesema..."

"Najua imesema nini."

Mama alichukua ule mkono wa Kiema akautazama, juu na chini, kama anaununua sokoni.

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nimeingia kwa Mkurugenzi kabla hajavua koti. Nikamwambia yote: kisu, embe, mkono. Nikamwambia turudishe debugger ya zamani leo leo na tuwapigie Matuu simu.

Alinisikiliza vizuri sana. Ndilo tatizo la Mkurugenzi wetu, Bwana Wathome — anasikiliza vizuri. Akainamisha kichwa, akaunganisha vidole, akasema anaona moyo wangu, na kampuni inahitaji moyo kama huo mahali pa juu. Akafungua droo. Kumbe alikuwa amekwisha kutengeneza kadi. MBINYA KALOKI, MKUU WA UBORA.

"Kuanzia leo hutashughulika na majaribio madogo madogo. Utashughulika na ubora kwa ujumla."

"Na kisu?"

"Kisu ni kitu kimoja. Ubora ni mpana."

Sasa nitaandika ukweli, kwa vile hakuna wa kuusoma. Kadi ilinipendeza. Jina langu limeinuka kidogo kwa kidole, zile herufi za kugusika. Nilimpigia mama nikamwambia nimepandishwa. Mama akauliza, "Na mkono wa Kiema?" Nikasema nitashughulikia.

Jumanne, 11 Februari 2025

Mkuu wa Ubora hana la kufanya! Hawezi hata kufungua majaribio. Nywila yangu imebadilishwa "kwa usalama". Nimekaa. Nimepanga kadi zangu kwa safu. Nimezipangua. Mzee mmoja alipanda akitafuta dawa ya kuku, nikamwelekeza chini. Ndiyo kazi pekee ya ubora niliyofanya leo.

Jeff alikuja kusimama mlangoni na chai yake. Akasema kurekebisha kungemchukua siku moja tu, lakini kasi ingerudi pale ilipokuwa, na bango ni bango. Nikamuuliza yeye angeingiza mkono wake. Akacheka. Nikangoja amalize kucheka. Akaenda zake.

Jumatano, 12 Februari 2025

Sikuomba ruhusa. Mkuu haombi, sivyo? Nimeenda Matuu.

Kiwanda ni ghala la mabati lenye joto la tanuri, na harufu ya maembe kila mahali, tamu mpaka inachosha. Kiema alikuwa akiningoja na uso wa kusema twende tumalize ubishi huu. Kwa kweli bado alikuwa ananishuku. Alisema wenzake wameanza kumcheka kwamba anaogopa mashine kwa sababu dada yake amemwambia.

Nikaomba mwiko jikoni kwao, ule mkubwa wa kupikia ngima, ugali wetu. Nikamwambia aweke kituo pale pale anapokiwekaga, na mwiko ndio utakuwa mkono wake.

Raundi ya kwanza: kisu kikapanda, programu ikasimama. Kiema akaingiza mwiko, akachokoa embe, likatoka. Akanitazama — unaona? Akairuhusu iendelee. Embe lingine likaingia. Akanyoosha mwiko tena.

Hatukusikia hata mlio. Kisu hakikupunguza mwendo. Kiema alibaki ameshika kijiti kifupi, na ile sehemu pana ya mwiko ikaenda na maembe kwenye chujio.

Mwanamke mmoja wa kuchambua maembe akasema polepole, "Yesu." Kiema aliweka kile kijiti chini, akatoka nje, akakaa juu ya kreti. Nilipomfuata nikamkuta anafungua na kufunga vidole vya mkono wa kulia. Nikakaa kando yake. Baadaye akasema leo asubuhi alikuwa amekaribia kuanza kabla sijafika, ili awaonyeshe wenzake yeye si mwoga. Alikuwa amekunja shati tayari. Ni simu tu iliyomwita ofisini.

Nimelia ndani ya choo cha kiwanda. Kisha nikanawa uso.

Tumemwambia meneja wake. Amesema ni jambo zito, na atalizingatia — baada ya ufunguzi. Hema limeshalipiwa!

Alhamisi, 13 Februari 2025

Nimeweka vipande vya mwiko juu ya meza ya Mkurugenzi. Akavitazama.

"Hii ni nini?"

"Ni mkono wa Kiema."

Akauliza nani aliniruhusu kwenda Matuu. Akauliza kama kuna mtu alipiga picha. Akauliza kama mwiko ulikuwa wa zamani, maana mbao za zamani hukatika zenyewe! Ndipo akauliza swali la maana, kwa sauti ya chini: "Ile ya kwanza inasimama kila mara?"

Nikasema ndiyo. Ya kwanza inasimama kila mara. Ya pili ndiyo inayokata.

"Kila mara ya kwanza."

"Ndiyo."

Akaegemea kiti. Nilimwona akifikiri. Ilinipa baridi, kwa sababu alitulia. Akasema asante, Mkuu wa Ubora. Kesho njoo na nguo nzuri.

Nimempigia Kiema. Tumeelewana: kesho yeye hatagusa kompyuta. Atasimama kando ya swichi kuu ya umeme na hatabanduka, hata wakimwita kula.

Ijumaa, 14 Februari 2025

Naandika hapa hapa, Matuu, kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, daftari juu ya mapaja. Nikingoja mpaka nifike nyumbani nitajiambia haikuwa hivi.

Watu ni wengi. Wakulima wa maembe kutoka Yatta yote, mpaka Ndithini. Kwaya. Bango limefungwa nyuma ya mashine na upepo unalipiga, uso wa Mkurugenzi unavimba na kunywea. Mgeni wa heshima si mwanasiasa, asante Mungu. Ni Mama Kamanthe, mwenyekiti wa chama cha wakulima, mama mnene wa makamo, amevaa lesso juu ya suti. Amesalimia kila meza. Alipofika kwangu akasema, "Wewe ndiwe wa kompyuta? Kula, umekonda."

Hotuba. Hotuba. Kisha Mkurugenzi akakaribia mashine, maiki mkononi, Jeff kwenye kompyuta. Akasema atawaonyesha teknolojia ya watoto wetu, iliyotengenezwa Machakos, inayomtii binadamu. Jeff akaweka kituo. Embe likaingia, kisu kikapanda — kikasimama. Mkurugenzi akaingiza mkono wake mwenyewe, polepole, akatoa lile embe, akaliinua juu. Makofi! Vigelegele! Kwaya ikaanza bila kuambiwa.

Raundi ya kwanza. Alijua. Akajifuta jasho, akafungua mdomo kusema asanteni.

Mama Kamanthe akasimama. "Hata mimi!"

Kicheko. Akavua saa, akamkabidhi mama aliyekaa kando yake, akaanza kukunja mikono ya suti. Mkurugenzi akasema si lazima, Mama, viti, chakula kiko tayari. Mama akasema chakula hakikimbii. Wakulima wakapiga meza. Ka-ma-nthe! Ka-ma-nthe!

Mkurugenzi akanitafuta kwa macho. Akanijia mbio, akanisukumia maiki. "Waambie kitu. Wewe ni wa ubora. Lakini usiseme hicho kitu."

Nikashika maiki. Spika ikalia. Nikasema: "Mama, usiingize mkono."

Bango tu linapigapiga.

"Inasimama mara ya kwanza peke yake. Mara ya pili haisimami. Juzi ilikata mwiko. Sisi tunajua, na hatukuwaambia."

Mkurugenzi alinipokonya maiki akitabasamu. Akasema binti yetu ana wasiwasi wa kitaalamu, ni mambo ya ndani, na anachotaka kusema ni kwamba tuanze kwa maombi. Pasta akasimama kama aliyebonyezwa. Watu wakainamisha vichwa. Katikati ya maombi Mkurugenzi akanong'ona karibu na sikio langu: Jumatatu usije. Nikasema sawa. Ajabu, nilikuwa na njaa.

Nilifungua macho nikamwona Kiema. Mkono juu ya swichi. Nikamwona Jeff, ameondoka kwenye kompyuta, amesimama hatua kadhaa nyuma kana kwamba si yake. Nikamwona Mama Kamanthe. Naye hakuwa amefumba. Alikuwa ananitazama.

Amina.

Mama akamwomba pasta maiki kwa upole, akaipata. "Mimi nimesikia mambo mawili," akasema. "Mtoto amesema inakata. Mkurugenzi amesema ni wasiwasi. Mimi sijui kompyuta, na nina mikono miwili ya kuchuma maembe, sina mingine. Mkurugenzi, tafadhali. Tuonyeshe hiyo ya pili."

Makofi, lakini si kama yale ya kwanza. Haya ni ya kungoja.

Ndipo tulipo. Jeff ameitwa kwenye kompyuta na amesema anatafuta chaja. Embe jipya limewekwa. Meneja wa kiwanda amekuwa na simu ya muhimu sana huko nje ya hema. Kiema hajatoa mkono kwenye swichi. Nimemwashiria kwa kichwa, amenijibu kwa nyusi.

Mkurugenzi amecheka kwenye maiki. Hakuna aliyecheka naye. Amesema, bila shaka, bila shaka. Ameweka maiki chini, ameanza kukunja mkono wa kulia wa shati. Anakunja vizuri, pindo juu ya pindo, analainisha kila moja kwa kiganja. Amefika kwenye kiwiko.

"Tunangoja, mwanangu," Mama Kamanthe amesema.

Mkurugenzi amenitazama. Sijaangalia kando. Ametazama kisu.

Sasa anakunja ule wa kushoto.